Mwezi wa tatu tutasonga ufuta?

Hilo swali aliniuliza mama mwezi wa kumi na moja mwaka 2021. Tulikuwa kibarazani kwake huku Nachingwea tunachambua mbegu za kunde, na mimi nimeshamwambia kwa furaha kabisa kwamba msimu ule naweka ufuta mtupu eka tatu zote, sichanganyi tena kitu chochote, nataka hela. Hakubisha. Aliendelea kutoa zile kunde zilizotobolewa na wadudu anawarushia kuku, afu akauliza taratibu, "Sasa mwanangu, mwezi wa tatu tutasonga ufuta?"

Nikamjibu tutanunua unga mama, hela itakuwepo.

Juzi tulikuwa tunapura mbaazi pale pale kwake nikaikumbuka ile jioni, nikaona niandike yote, maana vijana wenzangu wa huku kusini wananiuliza sana msimu ujao waweke nini, na wengi wanataka niwatajie zao moja. Mimi zao moja sina. Nitawaelezea kilichonikuta halafu na ninavyopanda sasa hivi.

Shamba la mama ukiliona mara ya kwanza unaweza kudhani limeachwa. Ukiingia mwezi wa pili unakuta mahindi yamefika kifuani, katikati yake mbaazi hata goti hazijafika, chini kunde zimetambaa mpaka hujui ukanyage wapi, kule kwenye mchanga mwepesi kuna njugu mawe, kwenye kichuguu cha zamani amepanda maboga kwa sababu udongo wa kichuguu una nguvu, mpakani mihogo, na upande wa bondeni mistari michache ya mtama. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona aibu kidogo, shamba la jirani limenyooka mistari ya mahindi tu na la kwetu limekaa kama kichaka. Nilikuwa sijui kwamba mama anapanda kwa kuhesabu miezi. Mwezi wa pili tunakula majani ya kunde na ya maboga, mwezi wa tatu kunaanza mahindi ya kuchoma, wa nne kunde zinakauka, wa tano tunang'oa njugu na kuvuna mahindi, wa sita na wa saba ni mbaazi mbichi, wa nane mbaazi kavu, muhogo upo mwaka mzima chini unakungoja, na korosho zikianza kudondoka wa tisa au wa kumi zinakuta nyumba ina chakula. Sisi huku mvua ni moja, inaanza mwishoni mwa wa kumi na moja au wa kumi na mbili inaisha wa nne, ukiikosea ndo umekosea mwaka.

Sasa mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina moja ambapo mtoa mada alisema kuchanganya mazao ni kilimo cha wazee, mkulima wa kisasa anachagua zao la biashara analipanda peke yake analisimamia vizuri. Na alikuwa na hoja, sisemi alikuwa anadanganya, ukipanda zao moja palizi ni rahisi, dawa ni rahisi, kuvuna ni mara moja. Na ufuta kwetu Lindi ni hela kweli, mnadani unaondoka wote. Nilichokosea ni kuchukua eka zote tatu za chakula na kuzigeuza ufuta, na kibaya zaidi, nikaliacha kabisa lile shamba langu lingine la mikorosho michanga, eka moja na nusu, miche 42, niliyokuwa nimeipanda miaka miwili nyuma. Miaka hiyo miwili nilikuwa naweka kunde na njugu katikati ya miche. Ule msimu sikuweka kitu, nguvu zote zilienda kwenye ufuta.

Ufuta nilipanda mwisho wa mwezi wa kwanza. Ulikubali kiasi chake, siwezi kusema ulinitupa. Lakini mwezi wa pili jua likawaka karibu wiki tatu na akiba ya mahindi ya mwaka uliopita ikaisha, mwezi wa tatu nikawa nanunua unga kwa kilo, kila siku kilo mbili, na mboga pia nanunua, majani ya kunde nanunua kwa jirani mimi mwenye eka nne na nusu! Hela ya ufuta ilikuja mwezi wa saba, watoto walikuwa na njaa mwezi wa tatu, na hapo katikati kuna ada, kuna kuumwa, kuna palizi ya kulipa vibarua.

Ndo nikaenda kangomba. Kwa wasioijua, kangomba ni ile ya kumuuzia mtu korosho zako kwa kipimo cha mtaani, wengine hata kabla hazijavunwa, kwa bei yake yeye, badala ya kusubiri uzipeleke chama cha msingi cha ushirika ziingie ghalani na mnadani. Imepigwa marufuku na kila mwaka wanaikemea, lakini mwenye njaa mwezi wa tatu hakemewi akasikia. Zile zilikuwa korosho za mikorosho ya zamani aliyoiacha marehemu baba. Nilichukua hela ya gunia moja na nusu, nikanunua unga, mwezi wa kumi nikatoa gunia moja na nusu. Nilipiga hesabu ya bei ya mnada wa mwaka ule nikaona nimezitoa kwa chini ya nusu. Mama sikumwambia, alijua mwenyewe alipoona magunia yamepungua ghalani.

Lakini kilichoniumiza kuliko hicho ni moto. Shamba la mikorosho nililoliacha liliota majani mpaka kiunoni, mwezi wa sita yakakauka, mwezi wa nane moto ukapita. Huku kwetu kiangazi moto hauna mwenyewe, mtu anawinda panya, mtu anasafisha shamba lake, upepo ukiuchukua basi. Nilifika jioni bado magogo yanafuka. Mkorosho mchanga ukiungua majani yanakuwa ya rangi ya chai, yanabaki yameshika kwenye tawi, hayadondoki, unayashika yanavunjika mkononi kama karatasi. Nilipita mche mmoja mmoja nakwangua gome kwa ukucha kuona kama chini kuna kijani. 13 haikuwa na kijani. Miaka mitatu ya kumwagilia, ya kupalilia, ya kuzungushia miba kwa ajili ya mbuzi. Jirani yangu wa upande wa mashariki naye ana miche ya umri ule ule, yeye katikati alikuwa ameweka njugu na mahindi, shamba lake lilikuwa jeupe, moto ulifika mpakani kwake ukakosa cha kula ukageuka.

Hapo ndo nilielewa kwamba yale mazao ya katikati ya mikorosho hayakuwa ya kula tu. Unapopalilia kunde unaupalilia na mkorosho, hulipi palizi mara mbili. Mtu mwenye miche mitupu anaona hasara kupalilia kitu ambacho hakimpi chochote kwa miaka mitatu minne, anaahirisha, majani yanakua, moto unakuja. Mwenye kunde anaingia shambani kila wiki kuchuma mboga, anaona mche umeshambuliwa, anaona mchwa, anaona kila kitu.

Mwezi wa kumi na moja mama akaja kwangu na sado mbili, moja ya kunde, moja ya mbaazi, na njugu kidogo kwenye kitambaa. Hakusema kitu cha mwaka uliopita. Akasema tu, "Kesho tuwahi kabla jua halijawa kali."

Sasa ninavyopanda. Mikorosho ipo mita 12 kwa 12, ambao ndo umbali tunaoelekezwa na wataalam wetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kule Mtwara, na kwa umbali huo eka moja inaingia kama mikorosho 28. Mita 12 ni uwanja mkubwa sana mti ukiwa bado mdogo, ndo maana kuiacha ile nafasi miaka minne mitano ya mwanzo ni kuitupa. Nazungushia kila mche mita mbili sipandi kitu. Baada ya hapo kunde, halafu njugu mawe, halafu katikati kabisa mahindi na mbaazi, ili kilicho kirefu kiwe mbali na mkorosho usiwekewe kivuli. Kila mwaka eneo la katikati nalipunguza kadri matawi yanavyotanuka, na matawi yakianza kugusana naacha kabisa, kivuli kikishafunga chini hapati mtu kitu, utapoteza mbegu. Wengine wanalazimisha mahindi chini ya mikorosho mikubwa, yanatoka membamba marefu hayana hindi.

Mahindi na mbaazi ndo wanandoa wangu wakubwa, na hili ningependa mtu alielewe vizuri kwa sababu ndo kiini cha kuchanganya. Unazipanda siku moja na mvua ya kwanza, lakini hazigombani kwa kuwa haziko kwenye saa moja. Mahindi yanakimbia. Mbaazi miezi miwili ya mwanzo imekaa tu chini, ukiitazama juu utasema imedumaa, kumbe inashusha mzizi. Mwezi wa tano unavuna mahindi, unalaza mabua, mwanga unaingia, mbaazi ndo inaanza sasa, inakunywa maji ya chini kabisa ambayo mahindi hayakuyafikia. Mama anasema mbaazi inasubiri baridi ndo iweke maua. Nilikuja kusoma kwamba hizi za kienyeji za muda mrefu kweli zinasubiri siku ziwe fupi, na siku fupi na baridi kwetu vinakuja pamoja, mwezi wa tano kwenda wa sita, kwa hiyo mama yuko sahihi.

Mwaka juzi nilipima kwa magunia kwenye eka moja, bila mbolea ya dukani. Mahindi peke yake yaliwahi kunipa gunia 6. Mahindi pamoja na mbaazi yakanipa 5, kwa hiyo ndiyo, mahindi yanapungua, atakayekwambia hayapungui hajapima. Ila juu ya hizo 5 nikapata mbaazi gunia 2 na nusu, na mbaazi peke yake kwenye udongo wangu ingenipa kama 4. Ukitaka kupata vitu vile vile kwa kuvitenganisha unahitaji karibu eka moja na nusu. Nusu eka nzima imetoka hewani, na sikulima kwa jembe hata hatua moja zaidi. Kunde na mboga sijazihesabu hapo.

Kuhusu kunde kurutubisha ardhi. Wengi wamesikia jamii ya kunde inatoa mbolea hewani, na ni kweli, hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, mmea wenyewe hauwezi kuitumia hivi hivi ila bakteria waliomo kwenye vinundu vya mizizi wanaigeuza. Unaweza kuona mwenyewe. Ng'oa mche wa kunde wenye wiki sita kwa uangalifu, usivute tu, chimba pembeni, tikisa mchanga, utaona vinundu kama punje za ulezi zimegandia kwenye mzizi. Chukua kimoja kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa na wekundu kama nyama, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hamna kitu hapo. Nilivyompasulia mama akakiangalia muda mrefu, akanusa, akasema miaka yote hiyo alikuwa anadhani ni ugonjwa.

Lakini sasa watu wanakosea, wanafikiri kunde inamlisha mahindi jirani yake msimu ule ule. Kidogo sana. Sehemu kubwa ya hiyo naitrojeni kunde inaitumia yenyewe, mahindi yanafaidi mwaka unaofuata, majani na mizizi ikishaoza, na ndo maana ukivuna kunde ukang'oa kila kitu ukachoma moto umejiibia. Mbaazi ndo bingwa hapa, inadondosha majani miezi mitatu mfululizo, ukipita mwezi wa nane unakanyaga zulia. Halafu mizizi yake inatoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma, na udongo wetu mwekundu una chuma cha kutosha, kwa hiyo chakula kilikuwepo ila kimefungiwa. Na kwa wenye kiduha, kile kimmea chenye maua madogo mekundu kinachonyonya mahindi na mtama kutokea chini, kunde inasaidia, inaziamsha mbegu za kiduha halafu hazimpati wa kumnyonya zinakufa. Haiishi mwaka mmoja lakini inapungua, kwangu upande wa bondeni nimeona tofauti msimu wa pili.

Vipo ambavyo sichanganyi. Ufuta siuchanganyi tena na sitaki kusikia, mbegu yake ndogo sana, ukiwa mchanga unazidiwa na chochote, kivuli haupendi, halafu ukikomaa vitumba vinapasuka, lazima uukate siku yake uusimamishe vitita, ukiwa umechanganya utakanyaga kila kitu. Mihogo sitii karibu na mikorosho michanga, inakula sana na kuichimba unakata mizizi ya mti, inakaa mpakani. Mikorosho kwenye mpaka wa miembe mama aliniambia niwaache majimoto, wale siafu wa juu wanaoshona majani, wanauma lakini wanawala wadudu wanaonyonya machipukizi ya korosho, na wataalam wetu nao wamewafanyia utafiti kwa kazi hiyo hiyo. Nilikuwa nawachoma moto zamani, nasikitika.

Babu mzaa mama alifanya kazi kwenye mradi wa karanga wa Waingereza hapa hapa Nachingwea. Ulianza 1947, Kongwa, Urambo na kwetu, mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3 za zao moja, wakajenga bandari ya Mtwara na reli mpaka huku kwa ajili ya hizo karanga. 1951 wakauacha. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Sisemi ulikufa kwa sababu ya kutochanganya tu, mashine hazikufaa, ardhi hawakuijua, mvua hawakuipima. Lakini babu alikuwa anasimulia kwamba wakati trekta zinafyeka pori, bibi alikuwa nyuma ya kambi na kieneo chake cha kunde, mtama na mihogo, na vibarua wa mradi walikuwa wanakuja kununua chakula kwake.

Na bei pia ni mvua nyingine. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje, bei huku ikaanguka vibaya, kuna watu walikuwa wameweka mbaazi tupu eka kumi. Mama mwaka ule aliuza kidogo, nyingine tukala na nazi, akauza njugu, akauza kunde. Hatukulala njaa na hatukugusa korosho mpaka mnada ulipofika. Kwangu hili ndo jambo kubwa kuliko mbolea na vinundu. Mwenye mbaazi mbichi kwenye sufuria mwezi wa saba anaweza kumwambia mtu wa kangomba "karibu chai" na akaondoka mikono mitupu. Tangu 2023 korosho zetu zote zimeingia ghalani.

Kazi ipo, nisidanganye mtu. Kuchagua mbegu tano, kupanda mara mbili, kuvuna mara nne, palizi ya kwanza ni kwa mkono sana kwa sababu jembe litakata kunde. Mbaazi zikibaki peke yake mwezi wa saba wenzako wameshavuna, ng'ombe wakiachiwa mashambani wa kwanza kuumia ni wewe, kwa hiyo lazima kuamia na lazima kusemezana na majirani mapema wote muwe na mbaazi. Kwetu tumekubaliana watu sita tunaopakana, na mwaka huu mifugo haijaingia, na ile njia ya kuzuia moto tunaifyeka pamoja mwezi wa sita, mita nne kuzunguka mashamba yote.

Juzi sasa, mbaazi zimeshapurwa zipo kwenye turubai, mama akaanza kugawa kama kawaida yake, rundo la kula, rundo la kuuza, na anachagua punje moja moja za mbegu, nono, nyeupe, hazijatobolewa. Nikamwambia mama, msimu huu nataka eka moja niweke ufuta, eka moja tu, zile mbili zibaki za chakula, na kule kwenye mikorosho kama kawaida. Nilisema nikiwa naangalia turubai.

Akanyamaza kidogo, akapepeta, makapi yakaenda na upepo.

"Ipi? Ile ya juu?"

Nikasema ndiyo, ile ya juu.

"Weka. Ila mpakani nipandie mihogo, na kwenye kichuguu usiguse, ni pa maboga."